Asubuhi Mavyaa Aliponinusuru kwa Mchi

Mume wangu alikuwa mgema, na kila alfajiri aliinoa kotama yake kwenye jiwe lililokuwa mlangoni mwa jiko. Kotama ni kile kisu kilichopinda ambacho mgema hukatia karara la mnazi ili tembo litoke. Aliinoa mpaka ikanyoa malaika ya mkono wake, kisha akapanda minazi yake kule kijijini kwetu Tezo, akashuka na kibuyu, na mara nyingi alikuwa ameshaonja.

Tuliishi nyumba moja na mama yake. Mavyaa alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na nilimwogopa yeye kuliko nilivyomwogopa mume wangu. Hakuwahi kunisifia chakula. Nikilia, aliniambia niende nikalilie shambani.

Uzazi wangu wa mwisho ulinichinja. Mtoto alitoka mzima, lakini damu ilikataa kukata. Nakumbuka sista wa zahanati amenipandia kitandani, ananikandamiza tumbo kwa ngumi zote mbili, anapiga kelele gari liletwe, na damu yangu inadondoka chini kama bomba lililoachwa wazi. Hospitalini Kilifi nilitiwa damu za watu nisiowajua. Siku ya kuruhusiwa, sista alituita mimi na mume wangu.

“Baba,” alimwambia, “mkeo akishika mimba nyingine karibuni, huenda usirudi naye nyumbani.”

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Tulipofika barabarani akasema, “Yule asinipangie nyumba yangu.”

Baadaye ukaja mradi uliofadhiliwa kutoka ng'ambo. Walipiga hema kando ya zahanati, wasichana wenye fulana za rangi moja, wengine wa hapa petu na wengine wa bara. Walizungumza juu ya usawa wa kijinsia, na sisi tukacheka ndani ya leso zetu, maana neno lenyewe lilikuwa refu na jua lilikuwa kali. Mimi sikulifuata hema kwa sababu ya hotuba. Niliifuata ile sauti ya damu ikidondoka. Sista alinitia vijiti viwili chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, vyembamba kama njiti za kiberiti, akaniambia kwa miaka kadhaa sitashika mimba. Nikaanza kuvaa blauzi za mikono mirefu.

Siku mume wangu alipovigundua, uji ulikuwa jikoni haujaiva. Alishuka mnazini na njaa na tembo kichwani, akanishika mkono kunivuta niondoke mekoni. Kidole gumba chake kikasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

“Nini hiki?”

Nilikuwa nimejiandalia uongo kwa miezi. Nilikuwa niseme ni jipu. Mdomo wangu ukasema, “Nataka kuishi, baba watoto.”

Kofi liliniangusha juu ya mafiga. Sufuria ikapinduka, uji ukanimwagikia mguu, na kabla sijapata pumzi ya kulia alikuwa ameniwekea goti kifuani. Aliunyoosha mkono wangu sakafuni kama mtu anayemlaza mbuzi. “Wametia wao, nitatoa mimi,” alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kotama ilipopita niliona nyama yangu nyeupe kabla damu haijaifunika. Kijiti kimoja akakitoa akakitupa majivuni. Cha pili hakukiona, akaingiza vidole vyake kukitafuta. Watoto walikuwa uani wakipiga mayowe. Mimi nilimng'ata paja mpaka nikasikia ladha ya damu, naye akanigonga kichwa chini.

Mavyaa akaingia. Alikuwa akitwanga, mchi ungali mkononi. Nilipomwona nilidhani amekuja kunishika miguu.

Pigo la kwanza lilimpata mwanawe begani. Akageuka, akasema, “Mama!” kama mtoto aliyeonewa. La pili likamvunja mkono, nikausikia mfupa ukikatika. La tatu likamtoa meno mawili. Akatambaa kwenda nje, na mavyaa akamfuata mpaka uani, anapumua kama ng'ombe.

“Mama, huyu anaumaliza ukoo wako!”

“Na uishe!” alijibu. “Uishe leo!”

Aliufunga mkono wangu kwa leso yake, akasimamisha bodaboda, akakaa nyuma akinikumbatia. Mgongo wa dereva ulilowa wote. Zahanatini sista alikitoa kijiti kilichobaki, akanishona, akaniambia mshipa wa fahamu umekatwa. Hisia za vidole viwili hazijarudi mpaka leo. Nikivichoma kwenye karai ya mafuta sijui mpaka niione ngozi inababuka.

Kisha sista akamtazama mavyaa. Leso aliyobaki nayo ilikuwa na damu nyuma, na hiyo haikuwa yangu. Akamvuta ndani ya pazia. Nilikuwa nimelala karibu, nikasikia yote.

“Bibi, kizazi kiko nje kabisa. Tangu lini?”

“Tangu nilipomzaa yule.”

Yule, mwanawe, ambaye asubuhi hiyo yeye mwenyewe alimpiga kwa mchi. Miaka yote hiyo alikuwa akikirudisha kila asubuhi kwa kitambaa, akijifunga, akienda kulima. Hakumwambia mtu. Mume wake alipokuwa hai alimpiga kwa sababu ya harufu.

Wazee wa ukoo walitaka jambo limalizwe nyumbani. Walikaa uani kwetu, mume wangu akiwa na bandeji, mimi na yangu. Baba yake mdogo alisema mume atoe mbuzi, mke aombwe msamaha, maisha yaendelee. Mavyaa akasimama bila kuombwa.

“Shikamooni nyote,” alisema. “Mimi sili mbuzi huyo. Nitakwenda polisi nikaseme nilichokiona, na nitasema pia kwamba nimemvunja mkono.”

Mume wangu alimrukia mama yake. Teke lake lilimpata kiunoni, mavyaa akaanguka chali, na hapo wale wanaume waliokuwa wakizungumza habari za mbuzi wakamvamia mume wangu. Walimpiga kwa fimbo, kwa viti, kwa viatu, mpaka nikapiga kelele mimi wamwache. Sikumhurumia. Nilitaka afike mahakamani yuko hai. Alifika, na mavyaa akasema mbele yake, bila kutazama pembeni. Mume wangu akafungwa.

Mradi ule ule ukaleta madaktari Kilifi kuwapasua wanawake wenye shida kama ya mavyaa. Alipozinduka nilikuwa kando ya kitanda. Aliuliza operesheni ilichukua muda gani. Nikamwambia ni asubuhi moja tu. Akaanza kupiga godoro kwa ngumi, akilia kwa hasira, mpaka muuguzi akaja mbio kwa kuhofia nyuzi zitakatika.

“Asubuhi moja!” alisema. “Na mimi nimezeeka nayo!”

Tulihamia Kibarani, mimi, yeye na watoto. Nauza viazi karai asubuhi na yeye anamenya. Mume wangu ametoka jela, yuko Mariakani anapakia malori, ameoa. Sista alinitia vijiti vipya mkono wa kulia, na muda wavyo ulipoanza kukaribia mwisho nikaenda kumwona. Hema halikuwepo tena. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamekata fedha, wale wasichana wa fulana wamerudishwa makwao, na rafu ya sista ilikuwa tupu. Benchi lilikuwa limejaa wanawake, na wote waliambiwa neno moja: subirini. Mmoja alikuwa na jicho lililovimba, akinong'ona kwamba mume wake hajui amekuja.

Mavyaa alinisindikiza siku hiyo. Alimsikiliza sista mpaka mwisho, akamwambia, “Mwanangu, wewe huna kosa.” Kisha akaligeukia dirisha la dawa akalipiga kwa kiganja, mara nyingi, kioo kikapasuka na mkono wake ukachanika. Mlinzi akatutoa nje. Nilimfunga kwa leso yangu pale pale getini, naye akinikaripia kwamba nafunga vibaya.