Yaani na Jibu Tupu

Simu iliita wakati dada yake Yaani yuko kwenye cherehani, amebana pini mdomoni. Aliyepiga alikuwa wifi yake, mke wa huyo mdogo wake.

"Wifi, Yaani ametutoka. Nimemwamsha asubuhi, haamki."

Dada alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye sare iliyokuwa mbele yake. Swali lililomponyoka halikuwa la mtu mwenye akili zake.

"Ule ukurasa ameumaliza?"

Upande wa pili kikasikika kilio.

Mtaa mzima ulimwita Yaani, kwa sababu tangu utotoni ukimwambia jambo alikutolea macho na kuuliza, "Yaani?" Ukimwambia njoo kesho, anataka kujua kesho saa ngapi, na mlango upi. Baba yao alikuwa akisema mtoto huyu atamchosha hata malaika wa mlangoni. Mungu akampa kazi inayofanana naye: bohari ya dawa ilimwajiri kuandika maelezo ya zana ya kompyuta inayotafuta dawa gani ipo zahanati gani. Wasomaji wake hawakuwa watu. Zilikuwa programu za akili bandia, ambazo wauguzi huziuliza, nazo huitumia zana hiyo kutafuta jibu.

Kila jioni akitoka kazini, kabla ya kwenda kwake, alipitia chumba cha dada yake. Hakukaa. Alitembea kati ya mlango na cherehani huku karatasi zikimpepea mkononi.

"Haya, wewe ndiye programu. Muuguzi anauliza kama zahanati ya jirani ina dawa ya sumu ya nyoka. Unafanyaje?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sipo. Una maelezo haya tu."

"Basi nakwenda kulala."

"Afadhali ingelala, dada! Hii hailali. Itajibu hata isichokijua, tena kwa adabu zote."

Alikuwa na sababu ya kukosa raha. Wakati wa majaribio, muuguzi mmoja aliuliza swali hilohilo. Zana ilirudisha jibu tupu, programu ikamwambia dawa haipo, mgonjwa akasafirishwa mbali. Kumbe dawa ilikuwepo rafuni kwa jirani, ila zahanati ile haikuwa imetuma hesabu ya dawa zake. Mgonjwa alipona, lakini mguu ulikatwa. Tangu siku hiyo Yaani alikula amesimama. Hata kanisani alipiga magoti na kuinuka kabla wenzake hawajasema amina.

Jioni yake ya mwisho alikuja na ukurasa mpya. Ulieleza kwamba jibu tupu maana yake zahanati haijaleta hesabu, na kwamba programu isiseme dawa haipo.

"Sawa," dada alisema, mguu ukiwa bado kwenye pedali. "Nisiseme haipo. Niseme nini basi?"

Yaani alisimama katikati ya chumba, akajipiga paji la uso.

"Umenikamata, wallahi wewe ni programu mbaya! Sema haijulikani, halafu mpe muuguzi namba ya simu ya zahanati ile, apige mwenyewe. Kesho naliingiza hilo kabla ya kitu chochote."

Kesho hiyo hakuiona.

Msibani, dada hakutulia. Kila alipoketi mkekani, aliinuka. Zana ilikuwa ifunguliwe kwa zahanati zote asubuhi ya mazishi, na ukurasa ulikuwa na pengo. Shangazi alimshika mkono.

"Tulia, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu haina, shangazi. Hii ya bohari ndiyo inayo."

Akatoka nje. Mhandisi, aliyekuwa akifanya kazi meza moja na marehemu, alikuwa akipanga viti uani. Dada alimweleza.

"Dada yangu, pole sana," Mhandisi alisema. "Lakini maelezo yameshakataza kusema haipo. Mengine tutayaangalia wiki ijayo, tukishampumzisha."

"Haya, wewe ndiye programu. Nimeuliza dawa, jibu limerudi tupu. Unaniambiaje?"

Mhandisi alikitua kiti alichokuwa amebeba.

"Nakuambia... naendelea kutafuta."

"Wapi? Nyoka ameshauma."

Mhandisi alitaka kucheka, kicheko kikageuka machozi. "Hata ofisini alitufanyia mchezo huu. Tulikuwa tunajificha msalani akikaribia na karatasi zake." Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaenda garini kuchukua kompyuta.

Waliiweka juu ya kiti cha plastiki, waombolezaji wakiwapita na kuwatazama kwa jicho la pembeni. Mhandisi aliandika, dada akamtaka asome kwa sauti, wakafuta, wakaandika tena. Kisha Mhandisi akaijaribu programu kwa zahanati isiyoleta hesabu. Ikajibu kwamba haijulikani kama dawa ipo, na chini yake ikaweka namba ya simu.

"Imeingia?" dada aliuliza. "Itakuwepo hata asubuhi?"

"Imeingia. Itakuwepo."

Dada alirudi ndani, akalala mkekani kando ya wifi yake.

Asubuhi walimzika. Mchungaji alisoma zaburi, akaomba kwa ufupi kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda. Kaka na binamu waliteremsha jeneza kwa kamba. Mjane alitupia udongo, kisha watoto, kisha dada. Alisimama ukingoni, akasema, "Mungu akupokee, mdogo wangu. Pumzika," akawapisha wengine. Wanaume walifukia kaburi, likawekwa msalaba wa mbao wenye jina lake kamili. Waliimba wimbo mmoja. Mvua ilipoanza, walimshika mjane mkono na kurudi nyumbani.