Kikaango cha Mama Makaburini

Nianze na ujinga wenyewe, nisije nikaambiwa nimeuficha: nilimzika mtu ambaye hayupo. Nilimchagulia mahali, nikampimia urefu, nikamfukia vizuri, nikamwekea na chombo juu, wala sikutoa chozi hata moja. Ndani ya kaburi lile mlikuwa na magogo tu, na magogo yalikuwa yanaungua polepole.

Yote ni mambo ya mkaa. Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, alikuja bwana wa misitu kijijini kwetu, upande huu wa Newala, akaitisha mkutano. Akasema moshi wa matanuri unapanda juu, unachafua anga na kufukuza mvua, kwa hiyo tangu siku hiyo kijiji kina matanuri manane tu kwa msimu, kila tanuri na kibali chake. Mwenye kibali asiyetaka kuchoma, ruksa kumwuzia mwingine.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Na hiyo sigara yako, bwana, ina kibali?"

Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Tukadhani tumeshinda.

Kumbe soko huria halicheki. Wakubwa wanasema zamani sukari ikikosekana dukani mnakosa wote. Siku hizi kila kitu kipo, ila kina mwenyewe. Kabla mwezi haujaisha, wafanyabiashara wawili kutoka Masasi walikuwa wamevinunua vibali vyote vinane kwa wazee waliokuwa wanahangaika kupata hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mkaa ukawa unachomwa hapa hapa kwetu, sisi tunaunusa, halafu unapanda lori kwenda mjini. Mimi niliona kichekesho, watu wazima kuuziana ruhusa ya kutoa moshi. Nikacheka hivyo mpaka siku niliyomwona mama ananunua mkaa kwa kopo. Mama, ambaye siku zote alinunua kwa gunia.

Mama anapika vitumbua stendi. Kuni pale hazitakiwi, abiria wanalalamika macho, na kitumbua chenyewe kinataka moto wa taratibu. Ada yangu inatoka kwenye vitumbua, madaftari yangu, hata hii kaptula. Mkaa ulipopanda bei alipunguza ukubwa wa kitumbua, wateja wakanuna. Akapunguza sukari, wakahama. Ilikuwa likizo, nipo nyumbani, nikamwona anakung'uta gunia uani. Likatoka vumbi.

"Wa wiki hii upo," akasema. "Ukiisha huo, mwanangu, mimi na stendi basi. Na shule tena, sijui."

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na ingekuwa heri ingelala. Miti yenye maana kwetu imebaki makaburini tu, kwenye yale ya zamani, maana hakuna mtu wa kuokota hata kijiti cha marehemu. Na tanuri dogo la mkaa, ukishalifunika majani na udongo, linafanana na nini? Mwenzangu wa dawati alinielewa kabla sijamaliza.

"Kaburi," akasema.

"Ehe. Nani atafukua kaburi kudai kibali?"

"Wewe utakufa vibaya."

"Si kitu, kaburi litakuwa tayari."

Jumamosi tukapanga magogo ya huko huko makaburini, tukafunika, tukaacha mdomo upande wa miguuni, tukawasha, tukaziba. Lilikuwa kaburi zuri kabisa, ila liko uchi. Kwetu mtu akizikwa, huwekewa juu chombo alichokuwa anakitumia, kikombe au sahani, kikatobolewa ili asije mtu akakitamani. Kaburi jipya lisilo na chombo lingeulizwa maswali. Nikakimbia nyumbani, nyuma ya jiko, nikachukua kikaango cha zamani cha vitumbua, kile cha vishimo saba. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kimeshatoboka chenyewe, kishimo kwa kishimo. Hilo tu ndilo nililowaza, naapa.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hata mkono wako huuoni. Tulifuata harufu. Mwenzangu akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni. Moshi ulikuwa unatokea kwenye kikaango, nyuzi saba nyembamba, moja kila kishimo, zimesimama wima pasipo upepo. Na chini yake kuna sauti, kama ya mtu mwenye mafua amelala.

"Magogo hayo, yanakaa sawa," nikamwambia.

"Mbona yanavuta, halafu yanatoa?"

Akageuka akaenda zake. Hakukimbia. Angekimbia ningemcheka, lakini alitembea taratibu kama anayetoka mazikoni, na mpaka leo hajarudi kule.

Jumatatu alipita mgambo wa misitu, mimi nipo nyuma ya kichaka. Alinusa, akaufuata moshi, akafika. Akavua kofia. Akakitazama kikaango muda mrefu sana, midomo inamcheza, kisha akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Nilijiziba mdomo kwa kicheko.

Siku hiyo hiyo mama alirudi na beseni limejaa. "Leo watu wamekuwaje? Wananitazama wakiwa mbali. Na hakuna aliyeniamkia. Hata watoto, shikamoo hakuna."

Jumanne nikaenda kumsaidia. Meza yetu ilikuwa na duara la mchanga mtupu kuizunguka, watu wanapita pembeni yake kama kuna shimo. Akaja kabinti kadogo, katumwa vitumbua, kakasimama nje ya duara na hela yake mkononi.

"Eti mama, wewe ndiye uliyezikwa?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Ndipo nilipokumbuka kikaango. Upande huu wote nani mwingine anapikia cha vishimo saba? Kila aliyepita makaburini alikisoma kama barua. Mimi niliyekiweka ndiye peke yangu sikujua kusoma.

Jumatano mama aliamka anakohoa, hata moto hajawasha. "Nasikia harufu ya udongo mbichi," akasema, akijishika kifua. "Humu ndani." Nilikuwa sijamwambia neno. Najua mkaa ni mkaa, baiolojia nimesoma, lakini nakiri nilimtazama miguu kuona kama inakanyaga chini.

Kisha akaja bibi jirani, Mmakua, mtani wetu. Bibi huyu msibani hututukana mpaka wafiwa wanacheka. Siku hiyo alisimama uani bila utani hata mmoja.

"Chukua jembe, mwanangu," akamwambia mama. "Mtu kakuzika."

Njiani nilijaribu kusema mara tatu. Mdomo huu, ambao walimu wameuchapia fimbo kwa kusema sana, ulikataa kazi.

Moshi ulikuwa umekatika. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Kaburi lina joto," akasema kwa sauti ndogo.

Bibi akarudi nyuma hatua mbili. Mama akakinyanyua kikaango, akakigeuza, akaona mkono uliofungwa waya. Waya ule niliufunga mimi, kwa fundo langu baya ambalo alikuwa akilicheka kila siku. Akaliangalia fundo. Halafu akaangalia kucha zangu, nyeusi tii.

"Mama, ni mkaa," nikasema. "Mkaa wako."

Bibi alisema jambo refu kwa Kimakua, la kunihusu, akaondoka.  Mama alianza kufukua upande wa kichwani, polepole, kama anayeogopa kumgonga mtu. Mkaa ukatoka mweusi unaong'aa, unalia kama chupa zikigongana. Penye cheche akafukia mchanga. Alivunja kipande, akakinusa, akakohoa mara moja tu. Barabarani watu wawili walikuwa wanapita. Walimwona mama amesimama ndani ya kaburi lake, jembe mkononi, wakatimua mbio.

Akawatazama mpaka wakapotea. Kisha akanikabidhi jembe, akasema:

"Umeiva vizuri. Jaza gunia. Kesho unga utaumua wewe, utapika wewe, na stendi utakaa wewe. Mimi si umeshanizika?"