Mkalimani wa Darasa la Tatu

Mimi sikuzaliwa na haya, na sioni sababu ya kujisingizia haya uzeeni. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa mkalimani wa shule, na kazi hiyo niliifanya kwa ufundi zaidi ya nilivyotumwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Shule yetu ilikuwa upande wa Haneti, kule Dodoma, enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha miaka michache tu. Ilikuwa tembe moja ndefu yenye vyumba viwili na paa la udongo. Darasa la kwanza na la pili walikuwa na vyumba vyao. Sisi wa la tatu tulikaa barazani, jua likihama na sisi tunahama. Mwalimu alikuwa mmoja. Akiwaanzishia wa kwanza wimbo wa kuhesabu, anakimbilia kwa wa pili kusahihisha imla, kisha anatujia sisi anahema, chaki sikioni. Wadogo waliandika kwa kidole mchangani, sisi wakubwa tulikuwa na vibao na kalamu za mawe. Hesabu tulifanya kwa kokwa za ubuyu, na kwa kuwa kila mtu alizimumunya kwanza, hesabu za kutoa zilitushinda siku zote: unahesabu kumi, jirani yako keshatia tatu mdomoni.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wazazi waliitwa kusikia habari za shule. Wanaume walikaa mbele kwenye magogo, fimbo zao magotini. Wanawake walikaa nyuma, chini, na watoto mgongoni. Mwalimu alisimama na karatasi yake akasoma: nani anachelewa, nani anasinzia, mbuzi wa nani wameingia bustani ya shule, watoto wangapi wana chawa. Tabu ilikuwa lugha. Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kirefu, chenye mapambo. Wazazi wetu walikuwa Wagogo, watu wa ng'ombe na uwele. Wanaume walikuwa na Kiswahili cha mnadani, cha kumuuza dume na kutukanana na mnunuzi. Ukiwatoa hapo, wamepotea.

Wenzangu darasani Kiswahili chao kilikuwa cha imla tu; mimi nilikuwa nazo lugha zote mbili. Baba yangu alikuwa mtu wa Mpwapwa, wa ukoo wa wale Waswahili waliokuja na misafara ya zamani wakaganda hukohuko. Alikuwa akishona nguo barazani kwa Mhindi mmoja Dodoma mjini, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, kama akija. Mama alikuwa Mgogo wa palepale. Kiswahili alikijua kwa kuishi na baba, tena alikijua sawasawa. Lakini yeye alikaa kule nyuma na wanawake wenzake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Basi mwalimu akanisimamisha mimi, mtoto mwembamba mwenye mdomo, niwe nafasiri.

Nilianza kupinda maneno mwezi wa kwanza tu wa kazi hiyo. Mwalimu alisema inamsikitisha mno kuona wazazi wasio na staha wakiachia mbuzi wao wale mchicha wa shule. Nikawatazama wale wazee na fimbo zao, nikaona hapa patachafuka. Nikasema kwa Kigogo kwamba mwalimu anawasifu, mbuzi wenu wamenenepa, ila ana wasiwasi mchicha ule utawaharisha. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Kesho yake kila mbuzi alikuwa amefungwa kamba. Mwalimu akafurahi, akasema wazazi wa hapa ukiwaeleza kwa ukali wanaelewa. Nami nikajiona mtu mkubwa. Nilijiona, kwa kweli, na sitakataa.

Nyumbani mama alinifinya sikio, akaniambia mdomo wangu huu utatuponza. Sikumjali.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakiogopa. Shule yetu iliishia darasa la tatu. La nne lilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima, mpaka ulale bweni, na baba alishakata shauri kwamba mtoto wake wa kike hatalala kwa watu. Maana yake mwaka ukiisha nakabidhiwa mchi na kinu, basi, nimemaliza. Mimi! Niliyekuwa wa kwanza darasani, niliyewashinda wavulana wote kwa imla, hata yule mrefu aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Nikatwange uwele nisubiri posa? Nyoo! Kila nikipita kwenye kinu cha mama nilikitazama kama adui yangu.

Mwaka huohuo, kiangazi, akaja mkaguzi wa shule. Mzungu mwembamba wa kaptula, na gari la turubai lililojaa vumbi. Alitukagua kucha, akatusomesha kitabu, akala karanga za bustani yetu. Kisha wazazi wakaitwa, na mwalimu akamwomba mbele yao: shule ipewe darasa la nne na mwalimu wa pili. Mkaguzi alikisema Kiswahili mwenyewe, neno mojamoja, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Serikali haiwezi kuahidi," alisema. "Labda mwaka ujao, labda baadaye. Tutatazama."

Watu wote wakanigeukia mimi.

Nilikiona kile kinu. Naapa, nilikiona pale mbele yangu katikati ya uwanja. Nikafungua mdomo, nikawaambia wazazi kwa Kigogo: anasema mkijenga chumba kabla ya mvua, Januari analeta mwalimu wa pili na darasa la nne linafunguliwa hapa.

Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa msemaji wa wazazi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, mwenye wajukuu wawili shuleni. Akaniuliza kama ndivyo Mzungu alivyosema. Nikamjibu ndivyo. Akainuka, akampa mkaguzi mkono, akautikisa sana. Mkaguzi naye akatabasamu, asijue anashukuriwa nini.

Nilikwenda nyumbani nikingoja kipigo. Mama alikuwa anapepeta. Aliniambia neno moja tu, kwamba alisikia, akaendelea kupepeta. Afadhali angenichapa. Asubuhi nilipoamka nikamkuta ameshika jembe na kapu, anakwenda kwenye kichuguu kuchimba udongo wa chumba kipya, wa kwanza kabla ya wote. Nikamuuliza mbona anakwenda na anajua. Akaniambia nisimuulize upuuzi, niende nikafungulie ndama.

Basi wakajenga. Wanaume waliingia porini kukata nguzo na mapau, wakarudi mabega yamechubuka. Wanawake walichukua udongo na maji. Na maji ya kiangazi kwetu mtu anayajua: unachimba mchanga wa mto uliokauka mpaka kiunoni, unangoja yajikusanye, unachota kwa kata, ndipo unatwika. Nusu ya maji yale yalikuwa ya kunywa na ya ndama, wao wakayakandia udongo. Kila nilipomwona mwanamke na mtungi kichwani akipita kwenda shuleni, nilipinda njia nisikutane naye. Nilikuwa najua kitu wasichokijua, na kitu chenyewe kilikuwa changu.

Mwalimu hakuisha kushangaa. Alikuwa ameomba msaada wa wazazi kwa mwaka mzima bila kupata hata fito, na sasa ghafla watu wanajenga! Aliniuliza kumetokea nini. Nikamwambia wamependa tu elimu. Akatukusanya madarasa yote matatu akatueleza nguvu ya hotuba njema, kwa mfano zile zake. Nilitazama kibao changu.

Walimaliza mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kujikusanya. Chumba kilikuwa kizuri, nisidanganye, kuta nene zilizosiribwa zikang'aa, madirisha mawili. Na mkaguzi akaja, kwa safari yake ya kawaida, hana habari.

Hata kabla hajakaa kwenye kiti alichowekewa, yule mzee msemaji alikwisha simama mbele yake na kibuyu cha maziwa. Akamwamkia kwa Kigogo: mbukwa, bwana, sisi tumetimiza letu, chumba kile pale, sasa tupe mwalimu uliyetuahidi. Kisha akanitazama mimi nifasiri.

Kupinda kwa wapi? Nikisema wanakusalimu, Mzungu ataitikia, atapanda gari, atakwenda zake, na mimi na wao wote tumekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika kwenye ukuta wa udongo wa kichuguu. Nikamwambia mkaguzi kwa Kiswahili, neno kwa neno, alichosema mzee.

Mkaguzi akakunja uso. Akasema yeye hakumwahidi mtu. Akamgeukia mwalimu. Mwalimu akanigeukia mimi. Na wazee wote wananitazama, wanangoja Kigogo.

Sijui nguvu niliipata wapi. Niliwageukia wazazi nikawaambia.

"Hakuahidi. Siku ile alisema labda. Maneno ya chumba niliyasema mimi, kwa sababu nilitaka darasa la nne."

Nilidhani watapiga kelele. Yule mzee hakunitazama tena hata kidogo. Alitazama juu ya kichwa changu, kule nyuma walikokaa wanawake, akauliza kama kuna mtu mwingine hapa anayeijua lugha ya hawa.

Mama akasimama. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, maana asubuhi ile walikuwa bado wanasawazisha sakafu. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke akilifanya kwenye mkutano ule, akasimama kando yangu bila kunigusa. Akamwambia mzee kwamba mimi nimesema uongo, na kwamba yeye alijua siku ileile, kwa kuwa Kiswahili anakielewa. Alijua, na akachimba udongo. Kama kuna wa kuchapwa, basi wako wawili.

Mzee alimtazama mama na ile mikono yake. Kisha akamwambia amuulize yule bwana swali moja.

Mama akageuka. Mwalimu alikuwa mdomo wazi. Mwaka mzima amekaa na mama huyu akidhani hajui hata kuomba maji kwa Kiswahili.

"Shikamoo, bwana," mama alisema. "Wazee wanauliza, chumba hiki tukibomoe?"

Mkaguzi alikwenda kwenye kile chumba, akaingia. Tulimwona dirishani akigongagonga nguzo. Alikaa humo muda mrefu, na mimi nilisimama pale uwanjani nikikwepa macho ya watu, nawaambieni kweli, mimi niliyezaliwa bila haya. Alipotoka aliandika kwenye daftari lake. Akasema wasibomoe. Akasema Januari fungueni, na mwalimu wa pili atamtafuta yeye mwenyewe.

Niliruka. Sikungoja mtu anitume, niliwageukia wazazi nikapaza sauti kwa Kigogo: wasibomoe, Januari tunafungua, mwalimu atakuja!

Hakuna aliyesogea. Si mwanamume, si mwanamke, si yule mvulana wa ndevu aliyetaka darasa la nne kama mimi. Walikuwa wanamtazama mama.

Na mama hakufanya haraka. Alijifuta udongo mkono mmoja, akajifuta wa pili. Akanitazama kwanza mimi, kwa muda niliouona kama kiangazi chote. Ndipo akawaambia, kwa maneno yaleyale niliyoyasema mimi, hakuongeza wala hakupunguza, na hapo vigelegele vikapasuka nyuma, wanaume wakapiga fimbo chini, mzee akammiminia mkaguzi maziwa.

Januari nilikaa darasa la nne, kiti cha mbele, ndani ya kuta nne. Kazi ya ukalimani sikuipata tena. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama aliacha kukaa nyuma, akawa anasimama mbele kando ya mwalimu, kanga safi, na wanaume wakimwamkia. Mngeniuliza wakati ule ningesema nimefurahi kwa ajili yake. Uongo. Nilikasirika vibaya.

Habari ya kwanza aliyoifasiri ilinihusu mimi. Mwalimu alisoma kwenye karatasi yake kwamba mwanafunzi mmoja wa kike alidanganya mbele ya wazazi na mbele ya serikali, na kwa hiyo muhula mzima atafagia chumba kipya peke yake na kuchota maji ya bustani, na aonekanaye akimsaidia atafagia naye. Nilikuwa nimekaa chini na wenzangu, nimeinamisha kichwa, masikio nimeyatega. Nilijisemea, ngoja, ni mama yangu, hapa atalainisha kidogo. Alifasiri yote, taratibu, kwa sauti ya kufika nyuma. Nilimsikiliza nikitafuta kosa, hata neno moja alilolipinda kwa ajili yangu, na sikulipata.