Mizigo Sita ya Matawi ya Chai

Nilifunga safari ya Chepilat kufuata mizigo sita ya matawi ya chai. Rafiki yangu Kiprono, niliyefanya naye kazi maabara moja Nairobi, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Malaria ilimmaliza akiwa likizoni kwao, na barua ya msiba ikanifikia mazishi yamepita.

Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa tukichemsha matawi yaliyopogolewa mashambani katika soda kali ya kutengenezea sabuni, ili nyuzi za karatasi zibaki na gundi nyeusi ya mti itoke. Michai mizee ya kwao ilitoa nyuzi nzuri kuliko yote, lakini ilikwisha kung'olewa. Mizigo ile sita, ambayo Kiprono aliifunga na kuihifadhi kwao, ndiyo iliyosalia. Bila kulirudia jaribio, profesa asingelichapisha, na jina la Kiprono lingepotea.

Mulot, saa nne asubuhi. Ng'ombe walivuka barabara bila haraka, na dereva wa basi, aliyetukimbiza tangu Narok, akatulia kama mkwe.

Kutoka Bomet mvua ilitufuata. Mimi mtu wa ziwa, baridi ya kule hunionea. Kila shamba lililopogolewa nililikadiria nyuzi zake, kisha nikakumbuka sina wa kumwambia.

Chepilat, alasiri. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. Nilimpa pole, nikamwuliza kuhusu mizigo iliyofungwa kwa uzi mwekundu, darini.

Uso wake ulichangamka kidogo. "Hiyo kuni? Watu ya matanga ilikuwa mingi, na kuni yangu yote imelowa. Nikapanda juu, nikakuta yake, imekauka, amefunga mzuri. Nikasema, ona kijana wangu, alijua nitahitaji. Ndiyo ilipika chai ya watu wote."

Nikaketi. Kwao mwana mwema humwachia mamake kuni kavu, na majirani walikwisha kumsifu.

Akanitazama. "Kwani ilikuwa ya kazi?"

"Hapana, mama. Alikuwekea wewe."

Akalia. Nami nikalia.

Nairobi, kesho yake. Nilimwambia profesa mizigo imeungua, naye akafunga faili. Majuto ni mjukuu: miaka mitatu tulijua kuutenganisha mti hadi uzi wa mwisho, na hakuna kati yetu aliyemweleza mama yule tunafanya nini. Kosa halikuwa lake. Jina la Kiprono haliko kwenye karatasi yoyote. Chepilat wanamsimulia kama mwana aliyekufa akiwa amemwekea mamake kuni, na sitaki mtu awasahihishe.