Salamu Niliyomnyima Kaka Yangu Gervas

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua, mwanangu, nimesimama ukingoni mwa uwanja wetu wa Rungwe Mpya, kaka yangu wa tumbo moja akainua mikono yake miwili kunisalimu, na mimi nikaificha yangu ndani ya kitenge. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kumenya ndizi moja. Lakini nimelibeba mpaka leo, na nadhani nitaingia nalo kaburini.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia. Usinitazame hivyo, masikio yangu yamezeeka lakini hayajafa. Ulikuwa unawasimulia wenzako kwamba umemfungia mdogo wako namba, asikupigie wala asikuandikie mpaka ligi iishe, eti timu yake imewafunga yenu na yeye kakutumia picha za kukudhihaki. Mlicheka wote. Mimi sikucheka. Kaka yangu huyo, Gervas, ndiye babu yenu mzaa baba, ambaye hamkuwahi kumwona. Kwa hiyo keti hapo, hizo karanga zitasubiri.

Siku hizo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, na nilikuwa mgonjwa wa mpira. Sisemi mpenzi, nasema mgonjwa. Timu yetu iliitwa Radi. Wachezaji wake walikuwa vijana wa jembe, viatu wanaazimana, na jezi zao nilizifua mimi mtoni kila Jumatatu bila kutumwa na mtu. Uwanjani nilikuwa na dumu la mafuta la lita ishirini, nalipiga kama ngoma mpaka vidole vinachubuka. Mume wangu Zakaria, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Akiniona najifunga kitenge kwenda uwanjani na maharage yanataka palizi, alisema, "Nenda. Maharage hayana timu." Ndiyo ilikuwa hasira yake yote.

Gervas alinizidi miaka mitatu. Tulikua na mpira mmoja, tuliousokota wenyewe kwa makaratasi na kamba za migomba, na yeye ndiye aliyenifundisha kupiga chenga ingawa majirani walisema mtoto wa kike ataharibika. Alipopata shamba Kitanga alihamia huko na mkewe Spesioza, na moyo wake ukahamia timu ya huko, iliyoitwa Tangawizi. Mwaka ninaokusimulia, Radi na Tangawizi ziliingia ligi moja ya wilaya. Mshindi angechukua ng'ombe dume na kombe la bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Kwa ng'ombe yule na bati lile, mwanangu, mimi niliacha kulala vizuri.

Tulianza kwa kishindo. Mechi tatu, ushindi mara tatu. Ya nne ilikuwa huko Kitanga, tukawapiga mawili bila. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi: nilikata shina la mgomba, nikalivika kanga kuukuu kama maiti, na filimbi ya mwisho ilipolia sisi wanawake wa Radi tukalibeba kuzunguka uwanja tukiomboleza kwamba Tangawizi imefariki. Unajua alichofanya Gervas? Alikuja akashika upande wa mbele wa jeneza letu, akasaidia kulibeba, akilia kwa sauti nyembamba kuliko sisi sote. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku nne baadaye alikuja Filbert kwa baiskeli. Filbert alikuwa golikipa wao, mcheshi asiye na haya. Akaniambia, "Mama, kaka yako hawezi. Amelala, anakuita." Roho ikaniruka. Nikakoroga uji wa ulezi, nikaumimina kwenye chupa ya chai, nikapanda nyuma ya baiskeli ile ile. Nikamkuta Gervas chini ya blanketi, kitambaa kichwani, Spesioza amesimama pembeni anajiuma midomo. Nikaanza kulia. Hapo hapo akatupa blanketi huko: "Ugonjwa ni yale mabao yenu mawili, sha! Dawa ni uji wako!" Nilimpiga kwa ndala, nikamkimbiza kuzunguka nyumba, tukacheka mpaka tukatokwa machozi. Uji aliumaliza wote. Msimu ule sikupata siku ya furaha kuliko hiyo, na haikuwa hata siku ya mechi.

Lakini mpira haukai upande mmoja. Mshambuliaji wetu alikwenda ziwani kuvua dagaa, na Radi ikazimika. Tulifungwa, tukatoka sare, tukafungwa tena. Mimi nikawa sili, nikiulizwa jambo najibu kwa ukali, watoto wakawa wananipita kwa mbali. Ndipo Tangawizi wakaja kwetu, ile Jumapili ya mvua. Bao lilikuwa moja, tena la tope tupu. Mpira ulikwama, kipa wetu akateleza, mtu akausukuma kwa goti. Filimbi ikalia. Nikainua macho nikamwona Gervas anakuja na watu wake, wamebeba shina la mgomba lililovikwa kanga. Walipofika mbele yangu wakalitua, wakaomboleza. Wanawake wenzangu, wa Radi hao hao, wakacheka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nililolifanya mimi lilikuwa utani. Nilipofanyiwa likawa tusi.

Salamu yetu unaijua mwenyewe. Mtu husimama, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu na mwenzake akapiga yake, mkaulizana nyumba, watoto, mifugo, mvua. Mgeni anaweza kudhani mnaimba. Kumnyima mtu salamu hiyo mbele ya watu ni kumzika akiwa hai. Gervas alikuwa bado anacheka, tope mpaka magotini. Akainama, akainua mikono, akapiga. "Mwakeye, Yustina." Akapiga tena. Mimi nikaificha yangu, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Nitakusalimu siku tukichukua kombe." Alibaki ameinua mikono ile kidogo, kisha akaishusha, akaipangusa kwenye suruali, akaondoka na watu wake. Jeneza la mgomba walituachia pale pale uwanjani.

Mama yetu alikuwa akiishi kwangu, macho yake yameanza kupotea. Nilimkuta anachambua maharage kwa kupapasa. Habari ilikuwa imeshamfikia. Kijijini maneno hayahitaji baiskeli.

"Umemnyima kaka yako salamu?"

"Ego, mama. Nitamsalimu tukichukua kombe."

Akachambua, akachambua. Kisha akasema, "Mwana wanje, mpira una dakika zake, mnajua mapema utaisha saa ngapi. Gervas ana dakika ngapi? Wewe una ngapi? Nani aliyewaambia?"

Nikamwona ni mzee asiyejua mpira. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Afadhali lingevunjika guu.

Mshambuliaji wetu akarudi kutoka ziwani, na Radi ikafufuka. Tukashinda, tukashinda tena, ikafika hatua ya mtoano, Tangawizi wakatolewa na wengine huko, sisi tukaingia fainali. Nilikuwa naelea. Basi siku moja nakaanga mihogo kando ya uwanja, wachezaji wanafanya mazoezi, watu wamenizunguka, akatokea Filbert na baiskeli yake. Akasema, "Mama, kaka yako hawezi. Amelala, anakuita."

Maneno yale yale, mwanangu, na mdomo ule ule. Nikageuza muhogo kwenye mafuta, nikamjibu, "Ugonjwa wake naujua, ni kutolewa. Mwambie dozi yake ataipata siku ya fainali." Watu wakaangua kicheko. Filbert hakucheka. Akasema, "Mama, safari hii si mchezo." Nikamwambia, "Hata safari ile hukuwa umecheka." Akanitazama, akatazama chini, akasema, "Mimi nimefikisha," akaigeuza baiskeli.

Nisimsingizie Filbert, na marehemu nisimsingizie. Kuna kitu kilinigusa. Nilipokuwa nafua jezi Jumatatu iliyofuata mkono wangu ulisimama ndani ya maji, nikajiuliza, na kama ni kweli? Lakini nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba nitamsalimu na kombe mkononi. Nikienda sasa, si nimeshindwa mimi? Nikaona fainali ni wiki mbili tu. Nitakwenda nikiwa bingwa. Nikaendelea kufua.

Fainali ilichezwa Kasulu mjini, mwamuzi ameletwa kutoka Kibondo ili pasiwe na upendeleo. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya malori. Tulisubiri bao mpaka dakika za mwisho, na lilipoingia sikuliona, nilikuwa nimefumba macho nasali. Nilisikia tu sauti. Nikapiga dumu likapasuka. Vijana wakanibeba, wakanipa kombe nilishike, na nikiwa juu ya mabega yao nikaanza kutafuta uso mmoja katika umati ule. Watu wa Kitanga niliwaona wachache. Gervas sikumwona. Hapo nikajua kwamba msimu mzima, kupiga dumu kote kule, nilikuwa nampigia yeye asikie.

Nikamwona Filbert kando ya uwanja, peke yake. Nikateremka, nikamwendea. "Wa kwetu yuko wapi?"

"Mama, nilikuambia," akasema. "Hii ni wiki ya tatu hasemi."

Kombe nililiacha chini kwenye majani. Sijui aliyeliokota. Kulipokucha nikapata lori la maharage, nikafika Kitanga kabla jua halijawa kali.

Spesioza alinipokea mlangoni, amekonda. Alisema walimpeleka hospitali, wakaambiwa amepooza upande wa kulia, wakarudi naye nyumbani. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Kila baiskeli ikipita alikuwa anageuza macho mlangoni, wifi."

Alikuwa chini ya lile lile blanketi. Nilimtazama, na nakuambia kweli yangu, nilisubiri alitupe. Nilisubiri aniambie ni mabao. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja, macho yake ndiyo pekee yaliyokuwa ya Gervas. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. "Mwakeye, kaka. Mwakeye." Akauinua mkono wa kushoto. Ukapanda, ukabaki hewani unatafuta mwenzake, na mwenzake amelala juu ya mkeka, hajui kitu. Salamu yetu inataka mikono miwili, mwanangu. Nikaweka kiganja changu mbele ya kile chake. Akakipiga. Nikapiga. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, mkono wake mmoja na wangu mmoja, na nilimuuliza nyumba, watoto, mifugo, mvua, nikijijibu mwenyewe.

Nikamwambia tumechukua kombe. Nusu ya mdomo wake ikatabasamu. Nilimkorogea uji wa ulezi, akameza vijiko vitatu, uliobaki ukamwagikia shingoni, nikampangusa. Nilikaa kwake siku tisa. Siku ya tisa asubuhi akaenda.

Kitanga hakuna aliyeinua jembe siku zile za msiba. Radi walikuja wote, wakambeba pamoja na Tangawizi, jezi zimechanganyika. Jeneza safari hii lilikuwa la mbao, na yule ambaye angeshika upande wa mbele na kulia kwa sauti nyembamba ndiye tuliyekuwa tumembeba. Niliporudi nyumbani mama aliniuliza neno moja tu: "Ulimsalimu?" Nikamwambia, "Nilimsalimu, mama." Akasema vyema, kisha akajifunika kanga usoni.

Mpira sikuuacha, nikikuambia niliuacha nitakuwa nakudanganya. Mpaka leo redio ikitangaza mechi nasogeza kiti. Lakini kila timu yangu ikishinda kuna pahali panauma, kwa sababu furaha ya ushindi nusu yake ni ya yule utakayemtania, na wangu yuko Kitanga chini ya udongo. Na kila ninapokumbuka zile wiki mbili, jezi ziko mikononi mwangu na mimi nasugua tu.

Sasa sikia neno langu. Shangilia timu yako, lia ikifungwa, mtanie mdogo wako mpaka akukimbize kwa ndala. Akikutania na wewe, pokea, maana asiyeweza kubeba utani asiwatwike wengine. Ila salamu usiiweke rehani kwa jambo lolote, wala usiipangie siku. Ukiambiwa ndugu yako anaumwa, hata kama aliyeleta habari ni mwongo wa siku zote, wewe nenda. Ukikuta ni mzaha, utakuwa umepoteza uji wa chupa moja.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na huyo mdogo wako. Awape miaka mingi ya kufungana na kuchekana. Awaachie mikono yenu yote miwili, na asikunyime wa kupiga naye makofi ya salamu. Haya, toa simu hiyo mfukoni, mfungulie. Mpigie hapa hapa, nami nisikie akikuitikia.