Nilivyoifundisha kamera ya stoo kusema shikamoo, Dongobesh

Wakuu, salamu kutoka kwenye baridi.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Asiyeamini aje Dongobesh kununua vitunguu saumu, muuzaji atamhadithia upya.

Shule niliacha darasa la sita, tangu hapo nazurura. Nimechunga Yaeda Chini, nimesukuma mkokoteni Katesh, na kifaa chochote nikikiona lazima nikifungue nijue ndani kuna nini.

Mwisho nikawa mbeba magunia wa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitunguu saumu.

Shida ikaanza. Kila Ijumaa Mama akitoka msikitini, anakuta gunia moja halipo stoo.

Mlinzi wake, mzee wa heshima zake, akasema mbele ya watu: "Mama, kabla ya huyu kijana wa kupita, kuna kitu kiliwahi kupotea hapa?"

Wote wakanigeukia.

Nikaomba nipewe Ijumaa moja. Mama akasema, "Moja tu. Baada ya hapo utaongea na polisi."

Stoo ilikuwa na kamera iliyowekwa kama pambo. Nikaingia kwenye software yake kupitia simu ya Mama. Wakuu, mle ndani kuna raha! Unachora eneo, unaiambia kitu kikisogea hapa fanya hivi: piga king'ora, toa sauti, rekodi, tuma kwenye simu.

Nikaweka king'ora. Kuku akapita, soko zima likaja na fimbo.

Nikabadilisha, nikarekodi sauti yangu kali: "Wewe mwizi, toka hapo!" Wa kwanza kuingia akawa mama mkwe wa Mama Zuhura, na maziwa yake mkononi.

Mama aliniwakia! "Mashine gani haina adabu? Kwangu mtu anaamkiwa kwanza, hata kama ni mwizi!"

Nikarekodi tena, taratibu: "Shikamoo. Tafadhali usiguse mzigo."

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hiyo redio yako itamkamata nani?"

Ijumaa Mama akanichukua nikakae nje ya msikiti, asinipoteze machoni. Alipotoka, simu ilikuwa na video.

Mtu kajifunika blanketi mpaka puani, gunia begani. Kamera: "Shikamoo."

Akasimama. "Marahaba mwanangu, hamjambo?" Akangoja ajibiwe!

Kupiga hatua, ikamwamkia tena. "Marahaba, si nimeshaitikia!"

Mama akanong'ona, "Sauti kama naijua. Lakini siwezi kumsingizia mtu mzima."

Tukarudi. Akaketi na mlinzi, akaweka simu mezani, sauti juu.

"Shikamoo," ikasema simu.

Zikatoka marahaba mbili kwa pamoja. Moja kwenye simu, nyingine kwenye kiti.

Mzee akajiziba mdomo kwa blanketi. Lile lile.

Mama hakupandisha sauti. Akanitazama: "Kijana, hebu mwamkie tena, labda na magunia mengine yataitikia."

Yalirudi kwa punda kabla ya giza, na mzee akaacha lindo mwenyewe.

Nilichojifunza: ukiset trigger ya kamera, yaani kitu kikisogea ifanye nini, usiishie kwenye manual. Jiulize watu wa hapo wakisikia nini hawawezi kunyamaza.

Wataalamu, nisaidieni kimoja, nawasoma kwenye comments: nafanyaje isiwaamkie kuku? Jogoo siku hizi akifika mlangoni anasimama kwanza, anasubiri.