Nani Aliyemsimamisha Nekesa Ngazini

Kama kuna mtu Gatongora asiyeweza kulala na swali, ni Nekesa. Hufuma masweta ya shule kwa mashine, ile ya kusukuma kwa mkono huku na huku, na mzazi akilalamika kwamba sweta inambana mtoto, haitengenezi kwanza. Ataipindua ndani nje mpaka ajue kosa lilianzia wapi. Mumewe Nicanor husema alioa mpelelezi akidhani anaoa fundi.

Ajabu ni kwamba mwili wake mwenyewe hakuwahi kuuhoji. Baridi yabisi ilimshika akiwa bado anamnyonyesha Ronny, ile aina ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kumla viungo. Asubuhi vidole huamka vimefura, vigumu kama kuni, mpaka avitie kwenye beseni la maji moto. Kliniki moja ya Thika ilimpa dawa ya kumeza kila wiki. Aliimeza hadi vidole vikapoa, kisha akaiacha, maana kwake dawa ni ya maumivu, na maumivu yakienda nayo iende zake. Yakirudi, alinunua tembe za kutuliza dukani.

Anaishi ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Kila akipanda, akifika ya tatu husimama. Magoti hayo, kila mtu anajua. Wangeci, Mama Eddie wa ghorofa hiyo, alimhurumia hata akamwekea kigoda mlangoni pake, na umbea wote wa jengo ukahamia hapo. Wema ni mzuri, lakini huo ulikuwa mzuri kupita kiasi: kigoda kilipowekwa, hakuna aliyeuliza tena kwa nini anasimama.

Baridi ya Julai ilipokwisha, Nekesa alirudi siku moja kutoka kununua nyuzi akijisikia mzima kabisa. Magoti mepesi, vidole vimenyooka. Alizianza ngazi akiimba wimbo wa kanisani, na alipofika ya tatu, akasimama.

"Magoti tena, Mama Ronny? Keti kidogo," Wangeci akasema.

Nekesa alikuwa ameshaketi ndipo akagutuka. Akalibonyeza goti moja, kisha la pili.

"Mama Eddie, magoti haziumi."

"Si hiyo ni poa?"

"Sasa nani amenisimamisha?"

Wangeci alicheka, lakini mwenzake hakucheka. Pumzi ilikuwa fupi, na kifuani kulikuwa na uzito, kama mtu amemwekea kiganja na kukandamiza. Mwenye akili timamu angetafuta wa kumpeleka hospitali. Nekesa, baada ya uzito kumwachia, alishuka hadi chini na kuanza kupanda upya, polepole, apate kuona.

"Ngai, huyu atajiua!" Wangeci alipiga kelele akimfuata.

Hata ghorofa ya pili hakuimaliza. Kile kiganja kilirudi, na safari hii akaogopa, akaogopa kweli.

Wangeci ndiye aliyempeleka Thika asubuhi yake. Muasya, tabibu wa kliniki ile, alimuuliza dawa alizokuwa akimeza, akampima presha, akarudia, halafu akamlaza na kumbandika nyaya kifuani.

"Mama, presha iko juu sana, na moyo haupati damu ya kutosha ukifanya kazi. Leo hii utaonwa na daktari wa moyo."

"Lakini mimi ni mgonjwa wa viungo. Moyo umeingiaje hapa?"

Muasya alilipenda swali hilo. "Huu ugonjwa haukai kwa viungo peke yake. Ule moto unafurisha vidole unazunguka na damu, unaharibu mishipa ya moyo pole pole. Vidole vinapiga kelele, mishipa inanyamaza. Dawa ya kila wiki ilikuwa ya kuzima huo moto, si ya maumivu tu. Na zile tembe za duka, ukizizoea, zinazidisha hatari." Akavuta kiti. "Huko kwenu kuna mtu alikufa ghafla?"

"Hakuna," Nekesa akajibu upesi.

Kisha akaitazama mikono yake. Dada yake Nafula alikuwa na mikono hii hii. Alianguka shambani Kimilili akipalilia, jembe likiwa bado mkononi, na matangani watu walifarijiana kwamba angalau mikono yake imepumzika. Nekesa naye aliitikia. Yeye asiyeacha sweta ipite hakuuliza dada yake alikufa na nini. Alilia pale kitini, kwa uchungu na kwa hasira, na Muasya akamwacha alie.

Akingoja zamu kwa daktari wa moyo, alimpigia simu Maxine, binti ya Nafula, aliyeajiriwa kiwandani Ruiru.

"Vidole vyako bado vinafura asubuhi?"

"Kidogo tu, aunty. Nikiweka kwa maji moto zinakuwa sawa."

"Kesho omba ruhusa uende upimwe. Si vidole peke yake. Presha, na moyo."

Maxine alicheka. "Aunty, mimi ni vidole tu."

"Hivyo ndivyo mama yako alikuwa akisema," Nekesa akajibu, na kicheko kikakatika.